Safari ya Granada na Ulimi wa Mwanangu



Jamaa zangu wa Mombasa na Lamu wanaponiuliza ninaishi wapi, nami nikajibu "Kahawa Wendani", aghalabu hutabasamu, kwa kuwa jina hilo lasikika kama jina la mkahawa kuliko jina la mtaa. Mtaa upo, wala si mdogo. Uko kando ya barabara kuu iendayo Thika, upande wa Ruiru katika kaunti ya Kiambu, ukitazamana na Chuo Kikuu cha Kenyatta ng'ambo ya barabara. Zamani palikuwa mashamba ya kahawa, na jina likabaki baada ya mibuni kung'olewa. Leo pamesimama majumba ya ghorofa, vyumba vya kupangisha wanafunzi, vibanda vya mama mboga, na bodaboda zinazongoja abiria tangu alfajiri. Neno "wendani" ni la Kikuyu, na maana yake ni upendo. Jirani yetu ni mtaa uitwao Kahawa Sukari, na makanga wa matatu, akiwa amening'inia mlangoni, huyaita majina yote mawili kwa pumzi moja: "Sukari, Wendani! Sukari, Wendani!"

Tulihamia huko miaka sita iliyopita, mume wangu alipopata kazi ya kufundisha. Binti yetu alikuwa na miaka mitatu; sasa ana tisa. Nyanya yake, yaani mamangu mzazi, alibaki Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba aliyozaliwa.

Nataka kuwasimulia safari tuliyokwenda Hispania, lakini siwezi kuanza na ndege. Yanipasa nianze na ndoo.

Mtoto alipoingia darasa la kwanza alikuwa akisema kama tusemavyo kwetu. Njia kwake ilikuwa "ndia", macho yalikuwa "mato", na akimwita mwenzake humwambia "ndoo". Siku moja, katika uwanja wa michezo, alimwita rafiki yake kwa sauti: "Ndoo! Ndoo hapa!" Wenziwe wakaenda wakaleta ndoo ya maji, wakaiweka miguuni pake, wakacheka mpaka kengele ikalia. Muhula mzima jina lake likawa Ndoo.

Alirudi nyumbani akaniuliza kwa nini sikumfundisha Kiswahili kizuri. Nami, badala ya kumjibu lililo haki, nilimwambia maneno ninayoyajutia hadi leo: "Shuleni sema njoo. Hiyo ndoo ni ya nyumbani tu." Nilidhani nimemwepusha na dhihaka. Yeye akalishika neno langu kuliko nilivyokusudia. Aliiacha ndoo shuleni, kisha akaiacha na nyumbani, na haukupita muda akawa hajibu ila kwa Kiingereza au kwa Sheng ya mtaani. Mamangu akipiga simu, mtoto alikuwa akimwamkia, akasema maneno mawili matatu, kisha akanirudishia simu. Jioni moja mamangu aliniambia, bila hasira, "Mjukuu wangu amekuwa mgeni wangu." Sikuwa na la kumjibu.

Mwaka jana mume wangu alialikwa kufanya utafiti kwa muda mfupi katika mji wa Granada, kusini mwa Hispania. Ilikuwa wiki tisa, tangu mwanzo wa Novemba hadi karibu na kufunguliwa shule Januari, wakati ambao watoto wako likizoni. Tuliamua kwenda sote, na kumchukua mamangu pia. Karatasi za viza zilikuwa nyingi, akiba yetu ikapungua, na ndugu zangu wakaniuliza kama nina akili timamu kumpeleka bibi wa miaka sabini, mwenye maradhi ya sukari, katika nchi ya baridi. Mamangu mwenyewe alisema jambo moja tu: "Nami nikaione hiyo Andalusi kabla sijafa."

Tulipita Doha, tukashuka Madrid, kisha tukasafiri kwa basi saa tano hivi kwenda kusini, tukipita mashamba ya mizeituni yasiyokuwa na mwisho. Granada imelala chini ya milima ya Sierra Nevada, ambayo vilele vyake vilikwishafunikwa na theluji. Mna vilima viwili vinavyokabiliana, na mto mwembamba uitwao Darro hupita baina yao. Juu ya kilima kimoja ni Alhambra, yaani al-Hamra, ngome na kasri la masultani wa ukoo wa Banu Nasri. Juu ya kilima cha pili ni mtaa wa kale wa Albaicín, na hapo ndipo tulipopanga nyumba, vyumba viwili na jiko, karibu na uwanja mdogo uitwao Plaza Larga.

Asubuhi ya kwanza mamangu alisimama kizingitini, amejifunika shali mbili juu ya buibui, akatazama kichochoro kilichopanda na kujipinda baina ya kuta nyeupe, kikiwa chembamba hata watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenziwe. Akasema, "Mwanangu, ndia zao kama za kwetu." Kisha akashuka peke yake kununua mkate, asiogope, kana kwamba yuko Kuze.

Hakukosea sana. Yuko mtu mmoja aliyeiona miji yote miwili zamani, naye ni Ibn Battuta, msafiri wa Tanja. Alifika Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, akalala usiku mmoja, akawasifu watu wake kwa dini na uaminifu, na akaeleza namna walivyoosha miguu kabla ya kuingia katika misikiti yao ya mbao. Karibu miaka ishirini baadaye alifika Granada, naye akaisifu bustani zake na maji yake. Wakati huo Granada ilikuwa bado dola ya Kiislamu, ya mwisho kubaki katika nchi ile. Ilianguka Januari 1492. Msikiti mkuu uliopo leo Albaicín ulifunguliwa mwaka 2003, zaidi ya miaka 500 baadaye, nao umejengwa mahali ambapo ukitoka uani waiona Alhambra yote mbele yako, na theluji nyuma yake.

Tulipoizuru Alhambra, mtoto alichoka upesi na maelezo ya kifaa cha masikioni. Nyanya yake hakukihitaji. Alisogea ukutani, akavaa miwani, akaanza kusoma herufi zilizochongwa kwenye lipu, polepole, kama alivyosoma chuoni utotoni: wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maneno hayo yamerudiwa kila ukuta, mara zisizohesabika. Mtoto alimtazama nyanya yake kwa mshangao. Watalii wote walikuwa wakiitazama kuta kama nakshi, na huyu mwanamke wa Kibokoni alikuwa akiisoma. Nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza alipomwona nyanya yake kuwa ni mtu ajuaye kitu.

Basi nieleze namna mtoto alivyoanza Kihispania, kwa kuwa wazazi wengi wameniuliza tangu turudi. Nilikuwa nimembebea kitabu cha masomo na kumwekea programu katika simu. Kitabu hakikufika ukurasa wa kumi. Siku kumi za mwanzo hakusema neno. Kila jioni, baada ya watoto wa mtaa kutoka shule, walikusanyika Plaza Larga kwa mpira na mchezo wa kukimbizana, naye alikaa ngazini kando ya nyanya yake akiwatazama. Nilitaka kumsukuma aende. Mamangu akanizuia: "Mwate. Yuwasikiliza."

Siku ya kumi na moja mpira uliviringika hadi miguuni pake. Msichana mmoja alimpungia mkono akisema neno ambalo huandikwa "ven" lakini hutamkwa "ben". Mtoto akainuka akaenda. Usiku aliniambia kwa furaha, "Mama, ben maana yake ni come." Mamangu, aliyekuwa akimenya komamanga, akauliza, "Yuwanena nini?" Nikamwambia, ni "ndoo" kwa Kihispania. Mtoto akanyamaza. Niliona uso wake ukibadilika, nami nikajua amekumbuka nini.

Tangu siku hiyo alijifunza kwa miguu. Neno moja lilirudiwa mara hamsini katika mchezo mmoja, na kila mara maana yake ilionekana: kimbia, simama, zamu yangu, si haki. Akikosea, mchezo uliendelea. Hapakuwa na alama nyekundu wala ndoo ya maji iliyowekwa miguuni pake. Wenziwe walimrekebisha kwa kulisema neno sawasawa huku wakikimbia, naye akalichukua. Wiki ya nne alikuwa akitumwa dukani.

Hapo ndipo alipoanza kuleta maneno nyumbani kama aletaye kombe kutoka pwani, na nyanya yake akawa akiyapokea. "Nyanya, sukari wanaiita azúcar." "Meza wanaiita mesa." "Bendera ni bandera." "Limau ni limón, zafarani ni azafrán." Mamangu alianza kutega sikio. Siku moja mtoto alisema kwamba mtu wasiyetaka kumtaja jina humwita "fulano", na mamangu akacheka hadi akatoka machozi, "Fulani! Hata fulani wanamjua!" Na hilo neno "hata" lenyewe analo jamaa yake huko, kwani watoto walipoagana magharibi walisema "hasta mañana", hata kesho.

Mume wangu ndiye aliyetueleza njia za maneno hayo. Baadhi, kama sukari, zafarani, fulani na hata, yote yalitoka katika Kiarabu. Yalivuka bahari ya Hindi na misimu ya pepo yakafika kwetu, na yalivuka mlango wa bahari pale Jabal Tariq tangu mwaka 711 yakafika Hispania. Kadhi tunayemjua kwetu, wao wamemfanya "alcalde", mkuu wa mji. Kahawa nayo ilizunguka kutoka kwa Waarabu kwa Waturuki na Wataliano, ikafika kwao ikiwa "café". Maneno mengine, kama meza na bendera, tuliachiwa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Hayo hayakuja kwa biashara ya amani. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati ambapo Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Filipo wa Pili. Binti yangu, aliyewahi kucheza chini ya kuta za ngome ile kila likizo, alishangaa kusikia kwamba aliyeamuru ijengwe alikuwa mfalme wa nchi hii ambamo yeye sasa ananunua mkate.

Undugu wa maneno una mitego yake pia. Mamangu alitamani mapera, na mtoto akasema anajua, kwa kuwa ameliona neno "pera" sokoni. Akarudi na kilo nzima ya tunda jingine, refu shingoni, laini na lenye maji mengi, lisilofanana na pera la kwetu hata kidogo. Jina la tunda letu lilitoka kwa Wareno, nalo kwao ni jina la tunda lile jingine. Tulikula yote, na mamangu akasema ni matamu lakini yamedanganya jina.

Palikuwa na jirani yetu, mama mtu mzima, aliyekuwa akimwagilia maua yake kila asubuhi na kuzungumza na mtoto akiwa dirishani. Siku moja mtoto alimuuliza jambo lililomsumbua. Kitabuni, shukrani imeandikwa "gracias", lakini watoto wote wa Plaza Larga husema "gracia", na yeye sasa husema hivyo hivyo. Je, amejifunza vibaya? Mama yule alicheka. Mtoto alinisimulia jibu lake kwa namna aliyolielewa: kwamba watu wa Andalusia huimeza hiyo "s" ya mwisho, kwamba watu wa Madrid huwacheka kwa hilo, na kwamba yeye amekula hizo "s" miaka sabini na hazijamdhuru. Shuleni huiandika, uwanjani huiacha.

Mtoto aliniangalia akasema, "Kama ndia na njia."

"Kama ndia na njia," nikamwambia, nikasita, kisha nikasema lile nililopaswa kulisema miaka mitatu nyuma. Nilimweleza kwamba Kiswahili cha vitabuni kilichaguliwa na watu. Mkutano uliokata shauri kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikaa mwaka 1928, nao ulikaa Mombasa, mji wa Kimvita. Kabla ya hapo, na baada yake, washairi wetu hawakuomba ruhusa. Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa karibu mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita, na mashairi yake husomwa vyuo vikuu hadi leo. Kujua sanifu ni wajibu wa mwanafunzi, nami sitamwambia vinginevyo. Lakini "ndoo" halikuwa kosa. Kosa lilikuwa langu, nilipomfanya aone haya.

Hakusema kitu. Jioni, alipokwenda kukaa ngazini na nyanya yake, nilimsikia akiuliza, "Nyanya, mato ni macho, na machozi je?" "Matozi," mamangu akamjibu.

Nimefika sasa kwenye siku ambayo mamangu husema ndiyo safari yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya sita. Mume wangu alikuwa kazini upande wa pili wa mji. Sisi watatu tulikwenda kuswali katika ule msikiti wa kilimani, na swala ilipokwisha saa nane ilikuwa imepita. Mamangu alikuwa amedunga sindano yake ya insulini asubuhi na kula kidogo. Ilitupasa twende nyumbani moja kwa moja tukale. Mimi nikashawishika na jua la baridi, nikasema tushuke kwanza hadi mtoni tuitazame Alhambra kutoka chini. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda tulipita barabara iitwayo Cuesta del Chapiz, ambayo ni mteremko mkali, na katikati yake mamangu akasimama.

Nilidhani amechoka. Nilipomshika mkono niliona umelowa jasho, na huku kulikuwa na baridi ya kutoa moshi kinywani. Midomo ilikuwa ikitetemeka. Nilimwita, akanitazama kana kwamba anitafuta, kisha akaniita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki. Mkobani, ambamo kwa kawaida mna tende, hamkuwa na kitu. Nilibadilisha mkoba asubuhi. Nilimkalisha juu ya ngazi ya nyumba ya watu. Katika kichwa changu palikuwa na Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu kidogo, na katika barabara ile hapakuwa na mtu.

Mtoto hakuningoja. Alikimbia hadi duka dogo lililokuwa hatua chache juu yetu, nami nikasikia sauti yake kupitia mlangoni: "¡Azúcar, por favor! ¡Mi abuela tiene azúcar!"

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba bila kujua alikuwa amesema kama wasemavyo wenyewe. Kwa Kihispania cha mtaani, mtu mwenye maradhi haya husemwa kwamba "ana sukari", neno kwa neno kama tusemavyo sisi. Mwenye duka, mwanamke wa makamo, alitoka mbio. Aliniangalia akainua kiganja juu, kisha akakishusha chini, akiuliza. Nilielewa: imepanda au imeshuka? Nikaonyesha chini. Akarudi ndani na kutoka na boksi la maji ya machungwa, akamtia mamangu mkono mgongoni na kumnywesha taratibu, huku akimwambia maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani. Baada ya robo saa mamangu alinitazama akanitambua. Mwanamke yule akatuletea mkate, akakataa pesa, akambusu mtoto kichwani.

Wenye wagonjwa wa sukari nyumbani nawasihi jambo hili, kwani nimeliona kwa macho yangu. Anayetumia insulini asicheleweshewe chakula, na matembezi marefu huishusha sukari zaidi. Dalili za kushuka ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Mpeni upesi maji ya matunda, sukari au kitu kitamu, madhali yu macho na aweza kumeza. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, mpelekeni hospitali. Na tende zikae katika kila mkoba, si mkoba mmoja tu. Wazee hao, kabla hamjasafiri, waoneni na daktari wao.

Usiku ule mamangu, akiwa chini ya mablanketi matatu, alimwita mjukuu wake. "Ulinena nini pale dukani?"

"Nilisema una sukari."

"Kwa lugha yao?"

"Kwa lugha yao."

Mamangu akafikiri. "Basi ni vile vile tunenavyo," akasema. "Ndoo ulale hapa."

Mtoto akapanda kitandani, akajibu, "Naja, Nyanya. Sogea tini."

Ni maneno madogo, msomaji, na pengine yatakupita. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya maji ya moto mkononi, nikarudi jikoni ili wasinione.

Tulirudi Nairobi mwanzoni mwa Januari. Ilipofika wakati wa kupanda matatu kwenda nyumbani, makanga akaanza wimbo wake, "Sukari, Wendani!" Mtoto akamwegemea nyanya yake akamnong'oneza, "Café azúcar, café amor," wakacheka wawili hao mpaka abiria wakageuka. Mamangu alikaa nasi wiki mbili kabla ya kurudi Mombasa, akajifunza njia ya kwenda kwa mama mboga, akamfundisha jirani yetu wa ghorofa ya chini kuumua unga wa mahamri.

Sitawaficha kwamba Kihispania kinayeyuka. Hapa Wendani hana wa kucheza naye kwa lugha ile, na wiki tisa si mizizi. Zamani alisimulia hadithi nzima. Sasa hutafuta neno, hulikosa, hujikuna kichwa. Yule msichana wa mpira hutuma sauti mara moja moja kwa simu ya mamake, naye humjibu kwa sentensi fupi. Yumkini mwakani yatabaki maneno ishirini. Sijuti kwa hilo. Kilichobaki ni simu ya Alhamisi usiku, anapokaa na nyanya yake nusu saa wakizungumza, na mimi ndiye ninayengoja zamu.

Kimebaki kitu kingine pia. Mwezi uliopita nilikuwa nikianika nguo juu ya paa, nikamsikia uani akimwita mtoto mdogo wa jirani: "Ndoo!" Mvulana mmoja akaanza kucheka, kama walivyocheka wale wa shuleni. Nilishika kamba ya nguo nikasubiri. Binti yangu hakuona haya wala hakukasirika. Alimwambia kwamba kwao Mombasa husemwa hivyo, kwamba Granada husema "ben", kisha akamuuliza, "Na kwenu mwasemaje?"

Mvulana alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa mara ya kwanza. "Uka," akasema.

"Uka," mtoto akarudia. Na yule mdogo, aliyekuwa ameitwa kwa lugha tatu, akaja.

Katika Surat ar-Rum, aya ya 22, Mola ametaja kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu miongoni mwa ishara zake. Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo tangu chuoni, nami nikamfundisha mwanangu kuionea haya ishara aliyopewa. Wazazi wenzangu mnaolea watoto mbali na pwani, huko Wendani, Eastleigh, London au Maskati, wafundisheni lugha za watu kwa kadiri Mungu atakavyowajaalia. Lakini mtoto akirudi nyumbani akilia kwa sababu ya neno la nyanya yake, msimwambie kama nilivyomwambia mimi.